Kabla ya Sophie wa Baridi

3 Machi, Jumatatu

Annegret, mkuu wetu wa chekechea, ametugawia madaftari mapya. Kila mtoto wa kundi la wakubwa, yaani wale watakaoingia shule baada ya likizo ya kiangazi, lazima awe na ukurasa wa majira ya kuchipua katika jalada lake, lile la kazi zake zote za chekechea, na ukurasa huo uanze kwa maneno "Msimu huu nimejifunza…" Daftari moja limebaki, nikalileta nyumbani. Humu nitaandika yale yasiyofaa kubandikwa kwenye jalada.

Leo ilikuwa siku ya kujigeuza kwa mavazi. Nilikuwa na maharamia tisa, malkia sita na paka wawili. Wa kumi na nane, Tilda, alikuja amevaa koti la nyumbani la mama yake, linaburuzika sakafuni na mikono amekunja mara nne. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ni Mama."

"Mama wa nani?"

"Mama yangu, akiwa mzima."

Svea, msaidizi wangu, msichana asiyeishiwa maneno, akainama akamkunjia mikono mara ya tano.

4 Machi

Nyuzi mbili za joto. Theluji na matope. Buti thelathini na sita za kukausha.

10 Machi

Henning, baba yake Tilda, alinisubiri mlangoni baada ya kazi. Huyu Henning nilimfundisha mimi mwenyewe, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na yeye ana minne. Wenzake wakilala mchana yeye alikuwa analia, na mimi nampapasa mgongo mpaka usingizi umchukue. Sasa ni fundi wa mapaa, mabega yake yanajaza mlango, lakini akisimama mbele yangu bado anafinyafinya kofia.

"Corinna amelazwa tena," alisema. "Madaktari wanasema matibabu mpaka Mei, halafu atarudi nyumbani. Tilda asiambiwe ni ugonjwa gani. Na Corinna hataki mtoto amwone vile alivyo sasa, hana nywele, amekwisha. Mwambie tu Mama anapumzika."

Nikamwambia asijali. Ningemwambia nini kingine?

14 Machi

Leo tumepanda. Vikopo kumi na vinane vya mtindi, vimetobolewa chini, udongo mpaka kwenye mstari, mbegu ya alizeti ncha yenye makali ikitazama chini, maji vijiko vitatu. Mwaka hadi mwaka nafundisha somo hili na mwaka hadi mwaka kuna mmoja anayekula mbegu yake. Safari hii ni Jannik, mwenye mdomo kuliko wote. Akapewa nyingine.

Kisha nikawafundisha vidole. Bonde letu hili lina baridi ya kuvizia, na bibi zetu walituonya tusitoe mche nje mpaka Watakatifu wa Barafu watano, wenye siku zao mwezi wa Mei, wapite. Kidole gumba ni Mamertus, cha shahada Pankratius, kirefu Servatius, cha pete Bonifatius, na kidogo kabisa, aliye mkali kuliko wote, ni Sophie wa Baridi, tarehe kumi na tano Mei. Sophie akishapita, milango inafunguliwa na tunatoka na vikopo kwa maandamano, tukiimba. Watoto walifumba vidole kimoja kimoja wakipiga kelele majina.

Wakati wa kuosha mikono Tilda akanivuta aproni. "Mwalimu Heidrun, Mama anarudi lini?"

Mei kwa mtoto wa miaka mitano ni neno tu. Miaka thelathini na nne nimeufunga wakati wa watoto kwenye vitu wanavyoviona: theluji ikiyeyuka, ukilala mara tatu, tukimaliza supu. Ndiyo kazi yetu. Basi nikamwambia, "Siku tutakayozitoa alizeti nje, Mama atakuwa amerudi."

Akaikunja mikono yake yenye maji, akatazama kidole kidogo.

"Sophie akipita."

"Sophie akipita," nikasema. Alilala vizuri mchana ule, mara ya kwanza kwa wiki nzima. Nikajiona mwalimu kweli.

18 Machi

Nyuzi nne. Tilda ameomba zamu ya kipimajoto. Kila asubuhi anabana kibanio cha nguo kwenye namba ya siku hiyo, ubaoni.

19 Machi

Ameomba zamu tena.

24 Machi

Nyuzi saba, na mbegu zimechomoza. Vikopo kumi na vitano vina vichwa vya kijani vyenye kofia ya ganda. Cha Tilda kimo. Cha Jannik bado, naye anasema udongo wangu ni mbaya.

1 Aprili

Svea amewadanganya watoto kwamba leo hakuna chakula cha mchana. Wawili wakalia. Siku ya wajinga haifai kwa watu wa umri huu, maana wao huamini.

4 Aprili

Nimegombana na Bibi Irmgard, mama yake Henning. Sasa ndiye anayemchukua Tilda. Mwanamke huyu alikata nyama buchani miaka arobaini na anaongea vilevile, pande kwa pande. Nilikuwa kwenye korido nikamsikia anamfunga mjukuu wake zipu na kumwambia, "Mama yako anaumwa sana, Tilda. Sana. Si mafua. Watu wakiumwa hivyo, wengine hawaponi."

Tilda akajibu, bila wasiwasi wowote, "Sophie bado hajapita."

Nikamtuma mtoto akachukue skafu yake, nikamwambia yule mama kwamba chekechea si mahali pa maneno kama hayo.

"Mahali pake ni wapi?" alisema. "Kwangu Henning amenikataza. Hapa wewe unanikataza. Nikamwambie kwenye kituo cha basi?"

"Mtoto hawezi kuubeba mzigo huo, Irmgard."

"Anaubeba tayari. Hajui tu kilichomo ndani." Akachukua begi la mtoto. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nakwambia wewe, uliyesoma."

Moyo wa jiwe. Hayo ndiyo niliyoyawaza jioni nzima, na nimeyaandika hapa ili niyakumbuke.

9 Aprili

Nyuzi tisa. Mche wa Jannik umechomoza. Amesamehe udongo.

15 Aprili

Tumepaka mayai ya Pasaka. Kila mtoto mawili, moja la kutundika kwenye tawi la darasani, moja la kupeleka nyumbani. Tilda amepaka la pili kwa rangi ya njano, duara la kahawia katikati, yaani alizeti. Akalifunga kwa karatasi laini, akaliweka kwenye sanduku lake la viatu. "La Mama. Akirudi."

16 Aprili

Henning alikuja saa tano mchana, watoto wakiwa uwanjani. Hakuvua hata buti. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, akasema wameacha matibabu. Madaktari hawana la kufanya tena. Mwezi mmoja, labda pungufu. Corinna hatarudi.

Nilimshika mkono. Nje kulikuwa na kelele za kupigania baiskeli ya magurudumu matatu, na Tilda ndiye aliyekuwa ameipanda, koti wazi, anacheka.

"Muache apate Pasaka yake," Henning alisema. "Baada ya Pasaka nitamwambia."

"Utamwambia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Naapa. Usiniharibie, Mwalimu."

Bado ananiita Mwalimu. Nilitakiwa kumwambia hapohapo: Henning, nimempa mtoto wako siku. Nimemwambia siku fulani Mama atakuwa mlangoni, na anaihesabu kila asubuhi kwa kibanio cha nguo. Sikumwambia. Niliona uso wake nikamwona yule mtoto wa kitandani, na kitu pekee nilichojua kumfanyia mtoto yule ni kumpapasa mgongo. Nikampapasa. Aliondoka, nami nikatoka nje nikaamua ugomvi wa baiskeli.

Naogopa, na si kwa ajili ya Henning.

22 Aprili

Nyuzi kumi na moja. Pasaka imepita. Tilda alikusanya mayai tisa ya chokoleti. Hajaambiwa.

25 Aprili

Hajaambiwa. Nilimpigia Henning simu. "Siku ya Akina Mama ikipita," alisema. "Si sasa, wote wanatengeneza zawadi." Nikasema sawa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu naona inarefuka tu.

28 Aprili

Nyuzi kumi na saba. Miche ina urefu wa kiganja na inaegemea kioo cha dirisha. Watoto wamechoka kungoja, na Jannik anauliza kwa nini tusiitoe sasa, kwani jua si hilo?

Basi nikawafundisha baridi. Ijumaa nililiweka jani la saladi kwenye friza ya jikoni, leo nikalitoa, nikaliweka kwenye sahani nyeupe karibu na jani bichi. Lilikuwa gumu kama kadi. Tukakaa tukilitazama linavyoyeyuka, na mbele ya macho yao likawa jeusi, likalegea, likatoa maji. Hata Jannik alisogea karibu.

"Nani ameliua?" nikauliza.

"Baridi!" wakasema wote.

"Hapana," akasema Jannik. "Ni yule aliyeliweka kwenye friza."

Tukacheka, maana aliyeliweka ni mimi. Nikamsifu kwa kufikiri. Annegret alipita akasema hilo ndilo somo zuri kuliko yote mwaka huu, nipige picha kwa ajili ya majalada. Nilipiga.

2 Mei

Nyuzi ishirini na mbili. Watoto wako mikono wazi.

5 Mei

Nyuzi ishirini na nne! Wazee wanasema hawajaona mwanzo wa Mei kama huu.

Tumeanza kadi za Siku ya Akina Mama, viganja vya rangi nyekundu kwenye karatasi nyeupe. Tilda alibonyeza kiganja chake, akakitazama, akauliza, "Siku ya Akina Mama ni lini?"

"Jumapili. Ukilala mara sita."

"Na Sophie?"

"Ukilala mara kumi."

Akahesabu. Alitumia mikono yote miwili, rangi ikichafua kifua chake chote, na hakuna aliyemsaidia. "Sophie amechelewa mara nne," alisema.

Kumi kutoa sita, mtoto wa miaka mitano, kichwani. Nikamsifu mbele ya darasa zima.

6 Mei

Bibi Irmgard alinishika getini. "Mtoto anazungumza habari za alizeti na mama yake kwa pamoja. Kila siku. Umemwambia nini?"

"Watoto huchanganya mambo," nikasema.

Alimvuta mjukuu wake karibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemjua miaka thelathini na sikuwahi kumwona amelia. Anatoka hospitali kila asubuhi, anakuja hapa kila jioni, na anatakiwa anyamaze kote.

7 Mei

Nyuzi ishirini na tano. Kaptura.

9 Mei, Ijumaa

Nilikuwa zamu ya jioni na Svea alikuwa na watoto wadogo. Wakubwa wote walishachukuliwa na kadi zao mkononi, amebaki Tilda tu, maana Bibi Irmgard alikuwa bado hospitali. Simu ikalia ofisini. Alikuwa Henning. Corinna hatambui watu tena. Alilia kwenye simu, nami nikamwacha alie, nadhani dakika kumi, labda kumi na tano.

Nilipotoka, dirisha lilikuwa tupu. Vikopo vyote kumi na vinane vilikuwa chini kwenye nyasi, vitupu, na Tilda alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la kando ya uzio akiushindilia udongo mche wa mwisho. Ameipanda kwa mistari miwili. Ameacha shubiri moja kati ya mche na mche, kama nilivyowafundisha. Ameimwagilia. Hata uimbaji hakuusahau, nilimsikia, ule wimbo wetu wa maandamano, kwa sauti ndogo.

Akaniona. Uso wake wote ulikuwa udongo.

"Nimezitoa nje," alisema. "Zote, si yangu tu. Sasa Mama anaweza kuja Jumapili."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Kama kuna siku katika maisha yangu nilipewa mlango wazi, ni ile. Ningepiga magoti kwenye udongo ule ule nikasema: Tilda, nilikosea. Badala yake nikasema, "Tutaona."

Tutaona! Neno la watu wazima la kumfungia mtoto mlango bila kumpigia kelele. Akatabasamu, maana kwake lilikuwa ndiyo. Bibi yake akafika, akamfuta uso kwa kitambaa chenye mate, wakaondoka, mtoto akirukaruka.

Ningeweza kuing'oa nikairudisha kwenye vikopo. Ni kazi ya nusu saa. Nilijiambia joto ni la kiangazi, hakuna kitakachotokea. Niliongeza maji, nikafunga geti.

11 Mei, Jumapili

Binti yangu alikuja na keki ya matofaa kwa Siku ya Akina Mama. Tulikaa bustanini bila masweta. Saa kumi redio ikasema upepo umegeuka kaskazini na usiku kutakuwa na jalidi mabondeni, wenye miche waifunike. Binti yangu akasema, "Si unaona? Pankratius huyo."

Nina mashuka ya zamani kabatini. Chekechea ni mwendo wa dakika nane na uzio unanifika kiunoni. Nilisema nitakwenda nikimaliza kahawa. Nikachukua kipande cha pili cha keki.

Nimekaa na kalamu hii nikijiuliza kwa nini sikwenda, na jibu liko, na ni baya. Niliwaza hivi: miche ikifa, hakutakuwa na maandamano. Pasipo na maandamano hakuna ahadi, na mimi sitaulizwa chochote. Nilitaka baridi inifanyie kazi yangu.

12 Mei, Jumatatu

Nyuzi moja chini ya sifuri saa kumi na mbili asubuhi. Nilifika wa kwanza. Nyasi nyeupe, bembea nyeupe, na kwenye tuta, mistari miwili ya vitu vyeusi vimelala. Jua lilipopanda, vikaanza kutoa maji.

Watoto walikuja mmoja mmoja na kusimama kwenye uzio. Sikuhitaji kueleza. Walikuwa wamesomeshwa vizuri.

"Kama saladi," akasema mmoja.

"Nani amezitoa?" akauliza Jannik. Svea, bila kufikiri, akasema Ijumaa Tilda ndiye aliyekuwa wa mwisho. Jannik akainyooshea kidole, kupitia dirishani, sahani ile ya saladi ukutani, picha niliyoibandika mimi. "Basi Tilda ndiye aliyeziua. Yule aliyeliweka kwenye friza."

Sikumgombeza, maana alikuwa anarudia somo.

Tilda hakuja. Saa tatu simu ikalia na ilikuwa Bibi Irmgard.

"Amefariki saa kumi na moja alfajiri. Henning amemwambia mtoto sasa hivi. Sasa, sasa hivi! Wakati hakuna cha kusubiri." Alivuta pumzi. "Heidrun, mtoto hakulia. Ameuliza kitu kimoja tu. Ameuliza kama alizeti zimeganda."

Kutoka ofisini nililiona tuta.

"Nimefungua dirisha, nimeona jalidi kwenye paa la banda, nikamwambia zitakuwa zimeganda. Akasema, 'Basi ni mimi.' Amejifungia chooni. Ni nini hii? Nieleze. Usiniambie watoto huchanganya mambo."

Nikamweleza yote. Vidole, siku, Ijumaa, simu, tutaona. Nilimweleza na habari za mashuka. 

"Mimi nilimwambia mgonjwa anaweza asipone, ukanifukuza kwenye korido," alisema. "Njoo umwambie mwenyewe. Sitakusaidia hata neno moja."

Nimemwita mama huyu moyo wa jiwe, iko hapa, tarehe nne Aprili. Siifuti.

13 Mei

Nilikwenda baada ya kazi. Henning alikuwa jikoni na kikombe kilichopoa, akaniambia, "Mwalimu, asante kwa kuja," na nilitamani anitukane. Tilda alikuwa sebuleni, sakafuni kati ya kochi na ukuta, amevaa lile koti la nyumbani. Nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta. Magoti yangu hayapendi sakafu siku hizi.

"Pole, Tilda."

Akavuta kola ya koti mpaka kwenye kidevu.

"Nimekuja kukwambia jambo la alizeti."

"Najua," alisema. "Nilizitoa kabla ya Sophie. Ulisema tusizitoe. Zikafa. Na Mama." Aliyasema kwa mpangilio, kama anavyosema siku za wiki.

"Hapana. Alizeti hazikujua chochote kuhusu Mama. Ungezitoa, usingezitoa, ingekuwa vilevile."

"Ulisema tukizitoa Mama atakuwa amerudi."

"Nilisema. Nilikosea. Alizeti ni maua tu, hazimleti mtu wala hazimuui mtu. Mama alikuwa na ugonjwa ambao madaktari walishindwa. Hukufanya kitu chochote kibaya, Tilda. Mimi ndiye niliyefanya."

Akageuka. Alinitazama kama walivyolitazama lile jani kwenye sahani, kwa makini.

"Ulijua hatarudi?"

Henning alikuwa amesimama mlangoni. "Mwalimu, basi, inatosha," alisema.

"Mwache aseme," ikatoka sauti ya Bibi Irmgard jikoni.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua lini? Ijumaa?"

"Kabla ya Ijumaa."

"Tulipotengeneza kadi?"

"Kabla ya hapo. Siku moja baada ya kupaka mayai."

Aliwaza. Niliona midomo ikihesabu. Kisha akainuka, koti likamtega, akaenda chumbani kwake, akarudi na kile kifurushi cha karatasi laini. Akakifungua. Yai la njano, duara la kahawia katikati.

"Ningempelekea," alisema.

Hapo ndipo alipolia. Si mimi aliyemshika. Alimpita baba yake pia, akaenda jikoni kwa bibi yake, nikasikia kiti kikisogezwa. Henning alikaa palepale mlangoni, chini kabisa, na safari hii sikumpapasa mgongo. Nilijiinua mwenyewe nikaenda zangu.

15 Mei

Sophie wa Baridi. Nyuzi kumi na mbili, mvua ya joto, hakuna jalidi. Svea amenunua miche mingine sokoni na watoto kumi na saba wameipanda wakiimba. Niliiondoa picha ya saladi ukutani. Nilimwambia Jannik mbele ya wote kwamba alizeti ziliuawa na mimi, kwa kuwa nilijua kutaganda na sikuzifunika. Alikubali haraka, akaomba msamaha kwa mtu ambaye hayupo.

17 Mei

Maziko. Kanisa lilijaa. Tilda alitupa yai kaburini.

26 Mei, Jumatatu

Amerudi. Nyuzi ishirini. Nilimuuliza kama anataka zamu ya kipimajoto, akasema hapana, mpe Jannik. Mchana hakulala, alilala macho wazi.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kujaza kurasa. Watoto hawajui kuandika, basi wao husema nasi tunaandika neno kwa neno, ndiyo sheria ya jalada: haturekebishi. Msimu huu nimejifunza kupanda mbegu. Msimu huu nimejifunza kufunga kamba za viatu. Jannik amejifunza kwamba mbegu ya alizeti ina chumvi kidogo.

Annegret alikuwa ameniambia Tilda tumruke, au nimwandikie kitu kizuri. Tilda akaja mwenyewe, akavuta kiti, akakaa.

"Msimu huu nimejifunza," nikaanza, kalamu mkononi.

"Andika: alizeti hazijui habari za Mama."

Nikaandika.

"Mwalimu Heidrun alijua."

Niliandika na hilo, kwa herufi kubwa kama yote. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea mpaka mwisho, nikifuata kwa kidole ili aone neno lipi ni lipi. Akaomba nimwonyeshe tena lile la mwisho, nikamwonyesha, na yeye akaweka kidole chake juu yake akalisoma polepole, herufi kwa herufi. Ni neno lake la kwanza kulisoma peke yake. Jalada huwa tunampa mtoto siku ya kuagana, nalo ni lake maisha yake yote.